Siku Gabriel Aliponyamaza

Mwanangu Gabriel hanyamazi. Naanza na hilo kwa sababu mtu yeyote wa Rau hapa Moshi ukimuuliza njia ya kuja kwangu atakuambia nenda mpaka utakaposikia. Akiwa macho, kooni mwake mnatoka sauti: khm, khm, halafu ghafla hii! kwa juu, kama mtu aliyekanyaga jivu la moto. Macho yanapepesa, bega la kulia linaruka, kichwa kinajitupa nyuma, basi, anaendelea na mambo yake. Na mambo yake hayaishi. Ukimtuma chumvi anarudi na kuku wa watu. Ukimvalisha kiatu kimoja, kabla hujashika cha pili ameshafika kwa jirani, na wewe umebaki na kiatu mkononi kama unauza.

Wakati ninaousimulia alikuwa na miaka sita. Ndiyo kwanza makampuni ya watu binafsi yalianza kupanda huko juu mlimani na malori kununua kahawa, na huku chini mjini mitumba ilikuwa imeshatumaliza sisi mafundi cherehani. Nani akuletee kitambaa wakati gauni la Ulaya liko tayari, na vifungo vyake? Nilibaki na sare za shule na magauni ya komunyo ya kwanza. Nilishonea barazani kwa Mama Jasoda, Mhindi mwenye duka la vitambaa, na Gabriel alishinda pale pale barazani, chini ya meza, juu ya meza, ndani ya robota la vitambaa, kila mahali ila nilipomwambia akae.

Mimi ni mtu wa mdomo, sijifichi. Nikiita "Gabriel!" wapita njia walikuwa wanasimama wakidhani wameitwa wao. Mume wangu Rogath ni mpole. Anapandisha wazungu mlimani, na akishapanda ndiyo amepanda, umtafute mpaka atakaposhuka. Simu za mkononi zenyewe tulikuwa tunazisikia kwa watu wa Dar.

Nilichokuwa nakiogopa kina jina, nalo ni kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma kooni. Huko kwetu, mtoto akikohoa kikohozi kisichoisha, kuna watu watakuambia kimeo kimerefuka kinamkuna koo, akatwe. Mdogo wangu Shedrack alikatwa. Tulikuwa nyumbani kwetu Old Moshi, alikuwa mtoto mtulivu, mtoto wa kushikwa na kukaa, na mimi ndiye niliyeshika bakuli. Damu ilitoka asubuhi, ikatoka mchana, na ilipofika jioni hapakuwa na mtu wa kutokwa na damu tena. Tangu hapo neno hilo likitajwa mbele yangu naliona lile bakuli. Sisemi kwa mfano. Naliona.

Sasa sikia. Jumapili moja tulikwenda Marangu kwa mama mkwe wangu, Mama Lukresia, tukaenda naye misa. Padri ameinua hostia, kanisa zima limeinamisha kichwa, hata watoto wachanga wametulia. Gabriel: hii! Watu waligeuka. Halafu tena: hii! Mama Lukresia aliangalia sakafu mpaka misa ikaisha. Tulipotoka nje alimshika mjukuu wake kidevu, akamgeuzia juani, akamfungua mdomo kwa kidole gumba.

"Kimeo," akasema. "Kimeshuka hiki. Ndiyo maana mtoto hatulii."

"Mama," nikamwambia, "huyu hakatwi."

Nilisema kwa sauti yangu ile ya barazani, uwanjani pa kanisa, mbele ya akina mama wenzake wote. Alinitazama kama nimemvua kitambaa cha kichwani. Mama Lukresia si mtu mbaya, jamani. Alinipokea mimi Mlutheri na mikono miwili, akanifundisha kupika mtori vile anavyoupenda mwanawe. Lakini ni mtu akishalijua jambo amelijua.

Nilimpeleka mtoto hospitali. Daktari akamulika koo na tochi, akaniambia kimeo chake kizima kabisa, sauti haitoki kooni. Inatoka kichwani. Ubongo unaiamrisha misuli bila kumwomba mwenyewe ruhusa, na ile kutotulia kwake ni jambo linaloongozana na hilo.

"Anaweza kuibana kidogo," akaniambia, "kama wewe unavyobana chafya. Lakini ikibanwa inarudi kwa nguvu zaidi. Usimshtue, usimkaripie. Ukimpigia kelele unamwongezea."

"Sawa, daktari!" nikajibu, na mgonjwa aliyekuwa amelala kwenye benchi akaamka.

Rogath nilimweleza yote. Akasema tutaongea na mama pole pole. Pole pole ya Rogath ndiyo ile anayowafundisha wazungu wake, mguu kwa mguu. Inafaa kwa kupanda mlima. Kwa kumzuia mama yake haifai kitu. Akafunga mkoba wake akaondoka na wageni wapya, nami nikabaki na wasiwasi wangu.

Mkataji wa kimeo kule Marangu ni Mzee Eliamini. Msidhani ni tapeli. Ni mzee nadhifu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, na heshima zake zina masharti. Siku ya harusi yetu kijana mmoja alimsalimia akiwa ameshika panga la kuchanjia kuni. Mzee hakuitikia. Akalikazia macho lile panga mpaka kijana akaelewa, akaliweka chini, akafuta mikono, akasalimia upya. Ndipo mzee naye akaweka chini kata yake ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akafuta mikono yake, akaitikia. "Mimi sisalimiani na mtu mwenye chuma mkononi," alisema, "na mimi mwenyewe sishiki kitu ninaposalimiwa." Baadaye tulicheka sana jikoni. Nilimwigiza mimi mwenyewe, na mwiko wa ugali.

Basi, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, nilimwacha Gabriel barazani kwa Mama Jasoda nikakimbilia sokoni kutafuta lesi ya gauni la komunyo. Nilichelewa kidogo, lesi nyeupe ilikuwa imekwisha kila mahali. Nikiwa narudi, nimeshafika kona, nikaona kitu kinanikera na sikijui. Nikatembea. Ndipo nikajua. Baraza lilikuwa kimya.

"Gabriel yuko wapi?"

"Bibi yake amekuja, Mama Gabriel," Mama Jasoda akasema, amefurahi kabisa. "Amemchukua kwenda Marangu. Umeondoka tu, yeye ameingia."

"Marangu kufanya nini?"

"Kucheza na binamu zake, amesema. Amenunua kwangu kitambaa cheupe. Nikampa hiki kizuri, akasema hapana, anataka kile kinachonyonya maji." Akaanza kukunja robota, halafu akacheka. "Akasema, Jumatatu utamwona mtoto kimya, Mama Jasoda, hutaamini."

Nilishika meza ya cherehani. Kitambaa kinachonyonya. Nikaliona bakuli la Shedrack, nikaona na rangi yake, lilikuwa la bati la kijani lenye kibanzi ukingoni.

"Wanaenda kumkata," nikasema. "Mama Jasoda, wanaenda kumkata mwanangu koo."

Sikuwa nimesema vizuri, lakini alinielewa ninavyopaswa kueleweka. Alimwita mwanawe Varun kwa sauti ambayo sikujua anayo, akamwambia kwa Kigujarati maneno ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa, na Varun akatoka ndani anakimbia na ufunguo wa pikapu.

Sitaieleza barabara ile yote. Mpaka Himo nilikuwa nampigia Varun kelele. Varun, kanyaga! Varun, lipite hilo! Kijana wa watu alishika usukani kwa mikono yote miwili akasema, "Dada Herieth, nikikanyaga zaidi hatutafika." Tulipokata kona kuanza kupanda Marangu nikashika kitasa cha mlango, tayari kuruka.

Nilichokuwa nakiona ni hiki. Shedrack alishikwa akatulia, na bado alikufa. Wangu je? Kumnyoa Gabriel nywele tunamshika watu wawili, baba yake anambana magoti, mimi kichwa, na bado ana kovu sikioni kwa sababu kichwa kiliruka wembe ukiwa pale. Hicho ndicho kichwa wanachotaka kukiwekea kisu ndani ya mdomo. Hapo ukisema Mungu wangu, unasema kwa sababu huna kingine cha kusema.

Gari lilifika darajani, njia ya kwa Mama Lukresia ikawa ya miguu. Nikaruka nikaanza kukimbia kati ya migomba, nafuata mfereji. Matope ya mvua za vuli yakanivua ndala moja, nikaiacha. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa imefungwa. Ng'ombe tu ndani ya zizi, anatafuna majani kama hakuna kilichotokea duniani. Binamu wa kucheza nao hawakuwapo. Nikajua Gabriel na bibi yake wameshakwenda kwa mkataji.

Kwa Mzee Eliamini sikuwahi kufika. Nilijua ni juu kidogo, kuvuka mfereji, lakini ndani ya migomba huoni mbele, kila kihamba, shamba la nyumbani la mtu, kinafanana na kingine, kahawa chini, migomba juu, njia zinagawanyika kila hatua. Nikapotea. Nikarudi. Nikapotea tena. Hapo nikasimama, mkono kifuani, pumzi zinanikata, nikasikiliza.

Tangu kelele ile ya Gabriel ilipoanza nilikuwa naomba ikome. Nimewasha mishumaa kwa ajili hiyo. Sasa nimesimama kwenye migomba ya watu nikaanza kuomba kinyume: Bwana, apige kelele. Hata moja.

Khm.

Upande wa juu, kushoto. Halafu hii! Nilitaka kucheka. Nikakimbilia huko, majani makavu yananikwangua uso, naisikia, khm, khm, inakaribia, yuko mzima, yuko mzima.

Ikakatika.

Nikangoja inayofuata. Haikuja. Nikaenda hatua, nikasikiliza, haikuja. Nawaambia sijapata kuogopa kitu maishani mwangu kama ule ukimya. Gabriel akiwa macho ananyamaza kwa sababu moja tu: ameambiwa ajitahidi. Na akiambiwa na mtu anayempenda anajitahidi kweli. Anabana meno, anabana vidole vya miguu, mishipa inamtoka shingoni, nanyi mnaomtazama mnasema oo, ametulia. Hajatulia. Amejaa. Na huwa haichukui muda.

Nikafika kwenye ua wa masale, nikachungulia.

Palikuwa na uwanja uliofagiliwa. Gabriel ameketi kwenye kigoda kati ya magoti ya bibi yake. Kitambaa cheupe kimefungwa shingoni, kile cha Mama Jasoda. Bibi amemshika mikono yote miwili kwa nyuma, uso umelowa jasho, midomo yake inasali. Mtoto amefungua mdomo wote, kichwa juu, uso umegeuzwa kwenye mwanga. Mzee Eliamini amemwinamia, shati limefungwa mpaka juu. Mkono wa kushoto unakandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko. Wa kulia umeshika kisu kirefu chembamba chenye ncha iliyopinda, na ile ncha ilikuwa imeshapita meno.

Nikavuta pumzi ya kupiga kelele. Yote, mpaka tumboni. Huo ndio uwezo niliopewa na Mungu, na kama kuna siku nilizaliwa nao kwa ajili yake nilidhani ndiyo hiyo.

Nikamkumbuka daktari. Usimshtue. Nikipiga kelele Gabriel ataruka. Nikimpigia kelele mzee, mkono wa mzee utaruka. Nikikimbilia kisu, vyote vitaruka. Nilimwona mwanangu vidole vya miguu, pale kwenye vumbi, vimekunjika vyote, vyeupe kwa kubanwa. Kilikuwa kimebaki kidogo sana alipuke.

Nikaimeza ile sauti. Inauma kuimeza, msidhani ni maneno tu. Nikapita mwanya wa masale taratibu, nikazunguka nikaja mbele ambapo mzee angeniona bila kushtuka, nikapiga goti kwenye vumbi, nikasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hata mimi sikuitambua, nikimwita mzee kwa Kichaga:

"Shikamoo, meku."

Mzee akainua macho. Kisu hakikusogea. Mama Lukresia alifumbua macho akaniona, akazidi kuikaza mikono ya mtoto.

Mzee hakuitikia.

Alikuwa ananitazama kifuani. Kifuani, si usoni. Nikashuka macho nifuate anapotazama, nikaona mkasi wangu. Mkasi wa ufundi, mkubwa, ule ninaouning'iniza shingoni kwa utepe tangu asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa nimetoka nao barazani, nimepanda nao gari, nimekimbia nao mlima mzima, na sasa nimemsalimia mzee wa watu nikiwa na chuma kifuani.

Mungu wangu. Utepe ukanasa kwenye hereni. Nikauvuta taratibu, mkasi usilie, usigongane wenyewe kwa wenyewe, Gabriel anaujua mlio ule, huwa unamrusha. Jicho lake moja lilikuwa limegeuka linanitazama, kichwa hakigeuki. Kope zilianza. Mzee anasubiri. Nikaunasua utepe, nikaulaza mkasi chini kwenye majani ya mgomba kama ninavyolaza mtoto mchanga, nikafuta mikono kwenye kanga, huu, na huu.

"Shikamoo, meku."

Mzee Eliamini alichomoa kisu. Akachomoa kijiko. Akaviweka vyote juu ya jani lake safi, kimoja kando ya kingine, akachukua kitambaa begani akafuta mikono yake, kidole kwa kidole.

"Marahaba, mwa..."

Hakumaliza. Gabriel alilipuka. Kichwa kilikwenda nyuma kikamgonga bibi yake mdomoni, nikasikia meno, kikaja mbele, kikaenda nyuma tena, hii! hii! hii! bega linaruka, miguu ikapiga kigoda kikapinduka, wakaanguka wote wawili, na bado mwili ule mdogo unarushwa pale chini, unarushwa, kila alichokibana kinatoka kwa pamoja.

Mzee alikuwa amesimama vile vile. Alikuwa anatazama pale hewani, mahali mkono wake ulipokuwa. Kisha akautazama mkono wenyewe.

"Lukresia," akasema. "Uliniambia mtoto ametulia."

"Alitulia," Mama Lukresia akasema kutoka chini, damu inamtoka kwenye mdomo. "Nilimwambia atulie, akatulia. Uliona mwenyewe. Alitulia kabisa."

"Ningemuua," mzee akasema. "Mbele ya macho yako ningemuua." Akaenda kuketi kwenye gogo, akafungua kifungo cha juu cha shati.

Mimi nilikuwa nimeshamfikia Gabriel. Nilimkumbatia pale pale kwenye vumbi, nikamshika kichwa, nikamwangalia ndani ya mdomo, ulimi upo, kimeo kipo, damu hakuna. Kitambaa cheupe nilikivuta shingoni kwake nikamrushia mama mkwe, akajifutia mdomo wake nacho. Na hasira ndipo ilipokuja, mpaka nilisikia joto masikioni.

"Mama," nikamwambia, bado nimeshika sauti chini kwa ajili ya mtoto, na chini ilikuwa mbaya kuliko juu, "nitakuheshimu mpaka nife. Lakini mtoto huyu hutamgusa tena bila mimi. Unasikia? Hata kumchukua kwenda kisimani."

Alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata msibani kwa mumewe hakulia mbele za watu. "Januari anaanza shule," akasema. "Watamrudisha, Herieth. Watamrudisha siku ile ile. Unajua wanavyosema huku? Wanasema ukoo wetu una wazimu. Nilitaka aende shule kama wenzake. Nilitaka hilo tu."

Nilikuwa na jibu kali kabisa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini Gabriel alinisukuma.

Alinisukuma kifuani kwa mikono yote miwili, akajitoa, akasimama. Uso umejaa vumbi na machozi. Nikadhani ni woga, nikanyoosha mikono, nikamwambia njoo, baba, njoo kwa mama, imekwisha.

"Kwa nini umemsalimia?"

Sikumwelewa.

"Kwa nini umemsalimia, mama? Nilikuwa nimebana! Nilikuwa nimebana vizuri! Bibi alisema nikibana mpaka mwisho babu ataitoa, halafu itabaki hapa hapa kwa babu, mimi niende nyumbani bila hiyo." Alikuwa analia mpaka maneno yanakatika. "Ilikuwa imebaki kidogo tu. Ndiyo ukamsalimia."

Nilibaki nimenyoosha mikono. Mama Lukresia alijifunika uso na kile kitambaa.

Gabriel alituacha. Alikwenda kukiinua kigoda chake, akakisimamisha, akakiburuta mpaka mbele ya mzee pale kwenye gogo. Akaketi. Akaweka mikono nyuma mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Akainua uso kwenye mwanga.

"Babu, kata," akasema. "Sasa hivi hazipo, zimetoka zote. Kata upesi kabla hazijarudi."

Akafungua mdomo.

Mzee Eliamini hakumtazama. Alichukua kisu chake juu ya jani akakificha chini ya gogo, nyuma ya visigino vyake, kisha akakaa hivyo, mikono mitupu magotini. Mtoto alikuwa anasubiri, mdomo wazi, kope zimeanza kupepesa na yeye anajitahidi zisipepese.

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Nikaweka kiganja chini ya kidevu chake, nikaufunga ule mdomo polepole.

"Haitoki, Gabriel," nikamwambia. "Babu hawezi kuitoa. Daktari hawezi. Mimi siwezi. Ingekuwa inatoka ningeshaitoa kwa meno yangu."

"Mpaka lini?"

"Sijui, baba."

Akafikiri. Bega likaruka. "Na shule?"

"Shule tutakwenda nayo. Nitakupeleka mimi mwenyewe."

"Mwalimu akisema ninyamaze?"

Nilitaka kumwambia nitamshughulikia huyo mwalimu, na ningeweza, mnanijua. Lakini nilikuwa bado nauona ule mguu mdogo kwenye vumbi, vidole vimekunjika. Na nyuma yake nilikuwa nauona ule ukimya kwenye migomba, mimi nimesimama sijui yuko wapi.

"Usininyamazie," nikamwambia. "Wengine wote wakikuambia unyamaze, waambie sawa. Mimi usininyamazie."

"Hata barazani?"

"Hata barazani."

"Hata kanisani?"

"Hata kanisani, Gabriel."

Alinitazama kuona kama namdanganya. Kisha ikatoka, khm, ndogo, halafu hii! kubwa, mpaka kuku wa mzee wakatawanyika. Nikamshika mkono tukaanza kushuka kwenda darajani kwa Varun. Kila aliponyamaza njiani, nilikuwa namtikisa mkono.